Pua ya Murdina

Ghala namba tatu, Ardsgarbh, asubuhi ya Februari.
Bahari imepanda hadi ukutani, inagonga mawe
kama mdai aliyechoka kuahidiwa.
Chumvi imekwisha kula bawaba za mlango,
na kwenye mapipa huingia bila hodi,
mwaka wa kumi na tatu sasa.

Pipa 214 ndilo tulilolijia.
Limeletwa tupu kutoka Jerez, mbao zake za mwaloni
zingali zimelewa sheri,
nasi tukalijaza wiski yetu, mtoto wa moshi wa mboji,
akae humo miaka miwili ya mwisho
kama anayepelekwa kwa shangazi tajiri
akajifunze adabu za mezani.

Kurunzi meno yangu yameishika.
Nikang'oa kizibo, nikazamisha mrija wa shaba,
nikaziba tundu kwa dole gumba, nikamimina
katika glasi ya buluu, ile isiyoonyesha rangi,
maana Murdina Gillanders hataki macho
yaitangulie pua.

Akaizungusha. Akainama.
Miaka thelathini na minne amekuwa akiinama hivyo.
"Zabibu kavu," akasema. "Ganda la chungwa.
Lozi. Ngozi ya tandiko.
Moshi unakuja nyuma, kisha chumvi."
Nikaandika. Mkono wangu ukaandika haraka mno,
kwa kuwa ukurasa wa mwaka jana ulikuwa pale juu
na maneno ni yale yale, yamepanga foleni ile ile.

Ndipo mwanga wa kurunzi ukateleza
nikaona chaki: 2, 4, 1.
Pipa la jirani. Pipa
lisilowahi kuiona Hispania hata kwa ndoto.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na siri hii niliijua mimi, na mrija,
na maji yanayogonga ukuta.
Nilifunga daftari. Nikalifungua.
Yeye aliitazama chaki muda mrefu.

"Tangu Oktoba," akasema. "Homa ile.
Hata kitunguu sikisikii.
Nachoma mkate, najua kwa king'ora."

Sikujua la kusema, basi nikafanya kazi:
nikazibua 214, safari hii nikisoma namba mara mbili.
Nikampa glasi. Akanirudishia.
"Pua yangu imekuwa kiziwi, Coll. Isikilizie wewe.
Na usinisomee daftari."

Nikavuta pumzi.
Kwanza haikuniambia kitu, ilinichoma tu.
Kisha kopo la bati la bibi yangu, siku tatu kabla ya Krismasi,
keki ndani yake imefungwa kitambaa
na mimi nimekatazwa kulifungua.
Kisha sweta langu la shule juu ya hita, limelowa mvua.
Kamba ya mashua. Dawa ya kidonda,
ile ya kahawia, goti linawasha.
Nikanywa: utamu mzito, mweusi, wa tende zilizosahauliwa mfukoni,
halafu mtu fulani akawasha moto ufukweni
akauzima kwa ndoo ya bahari.

Nilinyamaza, masikio yakiwaka.
Murdina aliichukua glasi, akaonja, akafumba macho.
Alikaa hivyo hata nikadhani amesinzia kwa kusimama.

"Utamu naupata," akasema. "Uchungu kidogo, pembeni.
Na chumvi. Chumvi ipo."
Akaufuta mdomo kwa mgongo wa mkono.
"Bati la bibi yako halitauza hata chupa moja."

Akanisogezea kalamu.
"Liandike. Lakini juu anza na tarehe,
na jina lako lote, si herufi mbili kama mwizi."

Nje maji yalikuwa yameanza kushuka.
Niliandika jina langu. Wino ulikuwa baridi,
ikabidi niupumulie.